Picha Mbovu Ina Kwao: Mafunzo Niliyopata na VLC

Kazi yangu ni kuhamisha kanda za VHS na kadi za kamera ziwe mafaili ya kompyuta, hapa Ngamiani, Tanga. Wateja huja na harusi, maulidi na mahafali, na siku hizi hata video za simu zilizogoma kucheza kwenye laptopu. Karibu wote wanatumia VLC, ile programu yenye alama ya koni ya barabarani, na lalamiko lao ni hilohilo: picha mbaya. Mimi husubiri waeleze zaidi, maana picha mbaya ziko za aina nyingi na kila aina ina kwao. Kuna inayotoka kwenye faili, kuna inayotoka kwenye mashine, na kuna inayotoka kwenye televisheni yenyewe. Anayeanza kubadilisha mipangilio kabla hajajua kwao ni wapi hupoteza jioni nzima, na mara nyingi huiacha programu ikiwa na hali mbaya kuliko alivyoikuta.

Haya chini nimeyaokota mezani. Maelezo ni ya VLC toleo la 3 kwenye Windows, kwa sababu ndiyo inayopita mikononi mwangu kila siku.

1. Soma namba kabla hujagusa kitu

Video ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Litafunguka dirisha lenye vichupo. Kichupo cha Codec kinaeleza faili limetengenezwaje: kodeki gani, picha ina ukubwa gani, fremu ngapi kwa sekunde. Kichupo cha Statistics kina namba zinazobadilika kadiri video inavyosonga, na humo mimi huangalia mistari miwili tu. Wa kwanza uko sehemu ya Video, umeandikwa Lost frames: hizo ni fremu ambazo mashine ilishindwa kuzionyesha kwa wakati wake. Wa pili umeandikwa Discarded: hivyo ni vipande vya data vilivyotupwa kwa kuwa vimeharibika.

Mama mmoja aliniletea laptopu ya mwanawe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii VLC mliyoniwekea imeniharibia arusi ya mjukuu wangu. Watu wanacheza, mara wanaganda, mara wanaruka."

Nikafungua dirisha lile nikamwonyesha. Lost frames ilikuwa inapanda mbele ya macho yetu bila kupumzika, Discarded imekaa kwenye sifuri. Maana yake faili ni zima, mashine ndiyo iliyozidiwa. Ile arusi ilipigwa kwa simu kwa kiwango cha 4K, na laptopu ilikuwa ya miaka mingi iliyopita. VLC haikuwa na kosa lolote, na hakuna kitelezi cha rangi wala cha mwanga ambacho kingemsaidia yule mama.

Zikigoma kupanda zote mbili na picha bado ni mbaya, basi ama faili lenyewe lilizaliwa hivyo, ama tatizo liko kwenye kioo. Kipimo hiki hakichukui dakika moja, na hunipunguzia nusu ya ubishi na wateja.

2. Kanda za zamani zina tatizo lao, na dawa yake ni kitufe kimoja

Hili ndilo ninalokutana nalo kuliko yote. Kanda zetu za VHS ni za mfumo wa PAL: picha 25 kwa sekunde, kila picha ikiwa na mistari 576 inayoonekana. Ila kamera haikuchukua mistari yote 576 kwa mkupuo. Ilianza na mistari ya namba witiri, kisha sehemu ya 50 ya sekunde baadaye ikachukua ya namba shufwa. TV ya chogo ilionyesha kwa mtindo huohuo, nusu baada ya nusu, na jicho halikugundua. Kioo cha kompyuta kinaonyesha mistari yote kwa pamoja. Bibi arusi akiinua mkono kupunga, nusu ya mistari inao mkono ulipokuwa na nusu nyingine inao ulipofika, kwa hiyo ukingo wa mkono unatoka na meno kama ya kitana.

Kuhakikisha ni rahisi. Tafuta mahali ambapo mtu anatembea haraka, simamisha video, kisha bonyeza herufi E mara kadhaa. Kila ukibonyeza, inasogea fremu moja. Meno yakionekana kwenye vitu vinavyotembea tu, huku ukuta na viti vimetulia safi, ndilo hilo.

Dawa ni herufi D, ambayo huwasha na kuzima uunganishaji wa mistari hiyo wakati video inacheza. Ukitaka ikae hivyo siku zote, ingia Tools, kisha Preferences, kisha Video, uweke Deinterlacing kwenye On na Mode kwenye Yadif (2x). Hiyo ya mara mbili hutoa picha 50 kwa sekunde, kila nusu ikigeuzwa kuwa picha kamili, na mwendo unarudi kuwa laini kama ulivyokuwa kwenye TV ya chogo. Mashine ikilemewa, Yadif ya kawaida inatosha. Discard siipendi hata kidogo: inatupa nusu ya mistari, ukabaki na 288 iliyovutwa kujaza kioo. Blend nayo inachanganya nusu mbili, kila anayetembea anafuatwa na kivuli chake.

Wengi huuliza mbona VLC haifanyi yenyewe, na pale pameandikwa Automatic. Automatic hutegemea faili liseme lenyewe kwamba limepigwa nusu kwa nusu. Vifaa vingi vya bei nafuu vya kunasa kanda havitii alama hiyo, na VLC haina namna ya kujua.

Kuna hali moja ambayo dawa hii haifui dafu. Wapiga video wa arusi wengi wametumia, na wapo wanaoendelea kutumia, kamera zinazorekodi 1080 za nusu kwa nusu, zile zenye mafaili ya MTS. Mhariri akilichukua faili hilo akalipunguza hadi 1280 kwa 720 bila kuunganisha mistari kwanza, meno yanayeyushwa ndani ya picha. Mistari ya awali haipo tena, imechanganywa na jirani zake, na herufi D haitakuwa na cha kuunganisha. Nimeletewa arusi ya gharama kubwa, yenye drone na kila kitu, imeharibiwa hivyohivyo kwenye hatua ya mwisho ya kutoa faili. Hapo ushauri wangu ni mmoja: rudi kwa aliyepiga, uombe mafaili ya kamera kabla hajafuta kadi zake. Na umwendee haraka, kwa sababu kadi hizo hutumika kwenye arusi ya wiki inayofuata.

3. Chenga za chini na watu wanene

Karibu kila kanda ya VHS ina mstari wa chenga chini kabisa ya picha. Unatokea pale kichwa kimoja cha deki kinapokabidhi kazi kwa kichwa kingine. Zamani ulikuwepo vilevile, isipokuwa fremu ya TV iliuficha. Mteja akiuona kwenye kompyuta anadhani kanda yake imeharibiwa wakati wa kuhamisha. Fungua Tools, Effects and Filters, Video Effects, kichupo cha Crop, uongeze pikseli chache upande wa Bottom hadi mstari upotee.

Watu wakionekana wafupi na wanene, picha ya 4 kwa 3 imevutwa kujaza kioo cha 16 kwa 9. Bonyeza herufi A mpaka bwana arusi arudi umbo lake.

4. Kilichobanwa kikaisha, kimekwisha

Nitatoa hesabu moja ambayo huwa napiga mbele ya mteja, kwenye kikokotoo cha simu. Zile diski za mtaani zenye filamu kumi ndani ya DVD moja: DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7. Gawanya kwa kumi, kila filamu inapata megabaiti 470. Filamu ya dakika 100 ina sekunde 6,000. Ukigawanya, kila sekunde inapewa takriban megabiti 0.6, sauti ikiwemo. Kiwango cha DVD kinaruhusu video hadi megabiti 9.8 kwa sekunde. Sasa mtu ananunua televisheni ya inchi 55, anachomeka flashi yenye filamu iliyonakiliwa kutoka kwenye diski ile, kisha anauliza mbona nyuso zina miraba na anga la usiku lina mabaka.

Video za WhatsApp ndizo diski za siku hizi. Video iliyotumwa kwa njia ya kawaida inabanwa, aliyepokea akiihariri kidogo na kumtumia mwingine inabanwa tena, na inapofika kwenye kundi la ukoo inatazamika kwenye kioo cha simu tu. Picha ya 640 kwa 360 ina pikseli 230,400. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina 2,073,600, yaani mara tisa kamili. Pikseli nane kati ya kila tisa unazoziona ni za kubuniwa na mashine. Mwombe ndugu aliyepiga akutumie kama hati badala ya video, au aje na kebo.

VLC inayo Sharpen kwenye Video Effects, na vijana hupenda kuisukuma hadi mwisho. Ukali inaouongeza ni wa kila kitu, miraba na chenga zikiwemo. Kwenye kanda ya VHS ndiyo mbaya zaidi: uso wa bibi unabaki vilevile, ila ukuta nyuma yake unaanza kuchemka. Kuna mpangilio mmoja wa haki humu, ule wa post-processing sehemu ya Input / Codecs, unaofika hadi 6. Unalainisha miraba ya mafaili ya zamani ya DivX na Xvid. Kwa H.264 haufanyi kitu, kwa sababu kodeki hiyo tayari ina kilainishi chake ndani.

5. Kadi ya picha: mganga na mchawi

Kusoma video ni kazi nzito, na kompyuta ina njia mbili za kuifanya. Ya kwanza ni prosesa kupiga hesabu zote. Ya pili ni kuikabidhi kazi kadi ya picha, ambayo ina sehemu maalumu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo tu. Tangu VLC 3.0 ilipotoka Februari 2018, njia ya pili huwashwa yenyewe.

Mara nyingi ni heri. Lakini draiva ya kadi ikiwa ya kale au yenye hitilafu, utaona kioo kimekuwa kijani kitupu, au nusu ya chini imejaa miraba ya zambarau, au picha imeganda na sauti inaendelea kama kawaida. Ingia Preferences, Input / Codecs, kwenye Hardware-accelerated decoding uchague Disable. Bonyeza Save, ifunge VLC, uifungue tena. Ikipona, umeshajua mchawi ni nani. Unaweza kuiacha hivyo, au utafute draiva mpya kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kisha urudishe Automatic.

Upande wa pili ni yule mama wa arusi ya simu. Simu nyingi za sasa hurekodi kwa HEVC, inayoitwa pia H.265, iPhone zilianza nayo kwenye iOS 11 mwaka 2017. Faili lake ni dogo, lakini kulisoma kunataka nguvu. Laptopu za mtumba zinazojaa madukani ni za Intel ya kizazi cha 3, cha 4, cha 5, na sehemu ile maalumu ndani yake iliundwa kwa ajili ya H.264. Kizazi cha 6 ndicho kilichoanza kuisoma HEVC ya kawaida kikamilifu, cha 7 kikaongeza ya biti 10. Kizazi unakijua kwa kusoma jina la prosesa: i5-4300U ni cha 4, i5-7200U ni cha 7. Nikiulizwa laptopu gani ya mtumba inunuliwe na mtu anayependa video, hiyo namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo ninayoitazama kabla ya RAM na kabla ya ukubwa wa diski.

Kwa faili la H.264 linaloizidi mashine kidogo tu, kuna kitu cha kujaribu hapohapo Input / Codecs: Skip H.264 in-loop deblocking filter, uweke All. Mashine inapumua, video inatembea. Picha inachakaa kiasi, hasa kwenye matukio yenye vurugu nyingi, kwa hiyo ni kafara, na mteja aambiwe kabla.

6. Usiilaumu akiba, ilaumu flashi

Ushauri unaozunguka kuliko wote ni kuongeza caching, ile akiba ambayo VLC huisoma kabla ya kuonyesha, hadi milisekunde 5,000 au 10,000. Kwa video ya intaneti inayokatika au faili lililo kwenye kompyuta nyingine kupitia Wi-Fi, sawa, jaribu 3,000. Kwa faili lililo kwenye diski yako, sioni faida. Filamu ya megabiti 8 kwa sekunde inahitaji megabaiti moja tu kila sekunde, na hata flashi ya USB 2.0 iliyo nzima inatoa zaidi ya hapo bila jasho. Kinachoongezeka ni muda wa kusubiri kila unaporusha video mbele.

Flashi bandia ndiyo inayonipa kazi. Imeandikwa gigabaiti 64, Windows nayo inasema 64, ndani kuna kumbukumbu ya 8. Inakubali kila unachonakili, na majina ya mafaili yote yanaonekana, lakini yaliyoingia baada ya gigabaiti 8 ni matakataka. Filamu za mwanzo zinacheza vizuri. Za mwishoni zinaanza kwa miraba au hazianzi kabisa, na Discarded inapanda. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw inayoijaza flashi yote kisha kuisoma tena. Inachukua muda mrefu, lakini jibu lake halina ubishi. Faili lililokwishaandikwa kwenye flashi ya namna hiyo halirudi, kwa hiyo usifute lile la kwenye kompyuta mpaka uwe umelifungua la kwenye flashi na kuruka hadi mwisho wake.

7. Rangi zilizopauka

Nyeusi ikiwa kijivu, kila kitu kikionekana kama kimefunikwa na moshi, huwa ni kutoelewana kwa vipimo. Video nyingi huhesabu nyeusi kuwa 16 na nyeupe kuwa 235. Kompyuta huhesabu 0 hadi 255. Mmoja katika mnyororo akidhani mwenzake anatumia kipimo kingine, rangi zinapauka au vivuli vinazama kwenye giza. Kwenye kadi za Nvidia tafuta Dynamic range katika paneli yake ya kudhibiti video, uweke Full. Ukiunganisha televisheni kwa HDMI, tafuta HDMI Black Level kwenye menyu ya televisheni ujaribu zote mbili.

Video ya simu iliyorekodiwa kwa HDR ni kesi nyingine. Kwenye kioo cha kawaida inapauka, na kubadilisha Output kuwa OpenGL, chini ya Preferences, Video, kumenisaidia mara kadhaa.

8. Usilete mgeni ndani ya nyumba

VLC hubeba kodeki zake yenyewe. Vifurushi vya kodeki ambavyo watu hupakua ili video icheze haviisaidii kitu, na baadhi huja na matangazo na programu ambazo hukuziomba. VLC yenyewe ichukuliwe videolan.org. Ilianzia kwenye mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa, mwaka 1996, waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao. Tangu 2001 imekuwa chini ya leseni huria ya GPL. Haiuzwi, haina matangazo. Ukikutana na inayodai malipo, ifunge.

Mteja akiniletea VLC iliyochezewa na kila mpita njia, sihangaiki kutafuta nani aligusa nini. Preferences ina kitufe cha Reset Preferences pale chini. Nakibonyeza, naifunga, naifungua, ndipo naanza upya na Ctrl na J. Bado nikiwa na shaka, naliweka faili kwenye mpv au MPC-HC, nazo ni za bure. Ubovu uleule ukitokea kwenye programu mbili tofauti, kesi ya VLC imefutwa.

9. Badilisha faili mara moja, upumzike

Yule mama sikumfundisha mipangilio. Nilichukua faili lake nikalipitisha kwenye programu ya HandBrake, nikachagua H.264, 1920 kwa 1080, fremu 30, RF 22. Laptopu yake ilicheza arusi yote bila fremu moja kupotea. Kwa kanda za VHS natumia RF 18, kwa sababu chenga zinahitaji nafasi zisigeuke miraba, na kwenye Filters naweka Yadif ya Bob na fremu 50 kwa sekunde, ili meno yaondolewe kabisa hata faili likienda kwa mtu asiyejua herufi D. RF ikipungua ubora unapanda na faili linakuwa kubwa; chini ya 18 sijaona tofauti inayolipia nafasi ya diski.

Faili la kwanza kabisa, lile lililotoka kwenye kamera au kwenye deki, nalihifadhi pembeni bila kulibadilisha jina wala kulipunguza. Mteja nampa nakala zote mbili: moja kwenye folda iitwayo TAZAMA, nyingine kwenye folda iitwayo USIFUTE.